Aliyenyamaza Amekubali?

Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka bunge la kila kaunti, zote 47, liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Vizuri. Sasa njoo ukumbini Jumanne saa nne asubuhi, siku ya maoni ya bajeti. Nimeripoti vikao hivi miaka kadhaa: wazee, vijana watatu wa boda, na wale wanaofuata soda na nauli (siwalaumu, hata mimi hiyo soda naigonga). Mama mboga hayupo. Mwishowe karani anaandika: wananchi wameshirikishwa.

Hapo ndipo ninapokwama. Kunyamaza kwa mtu mwenye nafasi ya kusema, sawa, huenda ni ridhaa. Lakini kwa huyu mama kuja kuna bei, na bei yenyewe ni unga wa jioni. Juzi nilimuuliza mbona haji.

"Wewe nawe! Nikija huko, sukuma nani ataniuzia?"

Na ushuru wa soko anaoulipa ulijadiliwa kwenye kikao kama hicho. Kanjo humfikia hapo kwenye kibanda kila asubuhi, risiti mkononi. Fomu ya maoni hajamletea hata mara moja.