Mwenye Mbwa na Mlalamikaji Asiye na Ulimi

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona kurasa za dini zikishughulika na habari za mbwa. Watu wengi wamezoea kudhani kwamba dini ina neno moja tu juu ya mnyama huyu, yaani najisi, na kwamba neno hilo likisha kutamkwa hakuna la kuongeza. Lakini nyuma ya mbwa limejificha swali ambalo kila mwenye akili yampasa alitafakari: Je, mtu huulizwa kwa dhara ambalo hakulikusudia, wala hakuliona, na lililompata kiumbe asiyeweza kumshitaki?

Swali hili si la vitabuni tu. Nenda Nyakunguru, upande wa Tarime, au vuka Mto Mara uingie wilaya ya Serengeti, nawe utaona jinsi mbwa alivyo sehemu ya boma la mfugaji. Ndiye abwekaye fisi anaponyemelea zizi, na ndiye amwamshaye mwenye ng'ombe mwizi anapokuja. Katika nchi ya Wakurya, ambako ng'ombe ni mali, ni mahari na ni heshima, kazi hiyo si ndogo. Mchana hufuatana na watoto machungani. Ujira wake ni mabaki ya ugali, na mfupa siku ya bahati. Usiku hujiendea apendako, na asubuhi mwenyewe humkuta amelala penye majivu, wala hamwulizi alikuwa wapi.

Wenye mbwa katika nchi za kitajiri wanaulizwa swali jingine. Mwaka 2017 mtaalamu Gregory Okin wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikadiria kwamba chakula cha mbwa na paka wa Marekani kinachangia robo hivi, au zaidi kidogo, ya madhara ambayo ufugaji wa wanyama wa kuliwa huyaleta katika ardhi, maji na hewa ya nchi ile. Wanyama wale hula nyama nzuri kuliko wanadamu wengi wa dunia hii. Mbwa wa Nyakunguru hana hatia hiyo. Hajapata kumnyang'anya mtu mnofu. Dhara lake ni la namna nyingine: aweza kuyachukua maradhi kutoka bomani hadi porini, gizani, na asiwepo wa kumwona.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 watalii katika Hifadhi ya Serengeti waliona simba akitetemeka, akianguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Wengine wakafuata. Katika muda wa miezi michache simba wapatao 1,000, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, walikufa au walitoweka, na maradhi yakavuka mpaka yakaingia Maasai Mara nchini Kenya. Fisi walikufa, na bweha masikio, na chui. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba yalikuwa ni maradhi ya mbwa, yaitwayo distempa, na kwamba virusi vyake vilikuwa vimeenea katika mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi. Yaelekea fisi, ambaye leo yu kwenye jalala la kijiji na kesho yu kwenye mzoga pamoja na simba, ndiye aliyekuwa mchukuzi.

Wala simba si wa kwanza. Mwaka 1991 mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika nyika za Serengeti, na kichaa cha mbwa ni miongoni mwa sababu zitajwazo. Huko Ethiopia, katika milima ya Bale, wapo mbwa wekundu wa mwituni ambao hawapatikani katika nchi nyingine yoyote, nao wote pamoja ni mamia machache tu. Mwaka 2003 kichaa kilichotoka kwa mbwa wa wachungaji kiliingia katika bonde lao mojawapo, kikaua karibu watatu katika kila wanne.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme yote, si nusu. Mwaka 1993 Serengeti ilipatwa na ukame mkali. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe, na simba waliokula nyati hao wakaambukizwa kwa wingi vijidudu vya damu viletwavyo na kupe. Virusi vilipofika vilimkuta simba amekwisha kudhoofika. Tena utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya mbwa wa vijijini kuchanjwa, maradhi yalipungua katika mbwa, lakini simba waliendelea kuambukizwa, kwani virusi vilikuwa vimekwisha kupata makao miongoni mwa wanyama wa porini wenyewe.

Wako watakaolishika jambo hili la mwisho na kusema: Basi, mbwa wetu hawana kosa, na chanjo haina faida. Mimi naona linathibitisha kinyume chake. Mtu achomaye majani katika shamba lake aweza kuuzima moto ungali shambani mwake. Ukisha kuruka mpaka na kushika msitu, hata akimwaga pipa zima la maji penye shamba lake, msitu utazidi kuwaka. Hapo hatusemi kwamba maji hayazimi moto, bali twasema kwamba wakati wa maji ulikuwa ule wa kwanza.

Sasa turejee kwenye swali letu. Je, mfugaji ambaye mbwa wake alibeba virusi mwaka 1993 ana dhambi ya simba waliokufa?

Msomaji atokaye katika Ukristo atakumbuka kwamba Torati inayo sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe (Kutoka 21:28-29). Ng'ombe akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe huachiliwa. Lakini kama ng'ombe huyo alijulikana kuwa mkali, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimzuie, basi lawama yamrudia yeye. Tazama mahali sheria ilipoweka mpaka. Pembe ni zile zile na ng'ombe ni yule yule. Lililobadilika ni kwamba mwenyewe sasa anajua.

Qurani Tukufu nayo yataja hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Suleimani a.s. katika kesi ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu (21:79). Na imepokewa katika Hadithi kwamba ngamia mmoja aliingia katika bustani ya mtu na kuiharibu. Mtume Mtukufu s.a.w. akahukumu kwamba mchana wenye bustani ndio wazilinde bustani zao, bali usiku ni juu ya wenye wanyama kuwazuia wanyama wao, na kiharibiwacho usiku watakilipa. Maana yake ni wazi. Mwenye bustani amelala, hawezi kujilinda. Kwa hiyo jukumu limehamishwa kutoka kwa asiyeweza kujilinda na kuwekwa juu ya awezaye kufunga kamba.

Katika kesi hizo zote, lakini, mwenye shamba alikuwa na miguu ya kwenda kwa kadhi. Simba hana. Hawezi kuja barazani Nyakunguru na kuwaambia wazee kwamba mbwa wa fulani amemletea maradhi. Je, haki yake imepotea kwa sababu hana ulimi? Nani atathubutu kusema hivyo, naye akiamini kwamba yuko Hakimu Asiyengoja mashitaka ya mtu ili Ajue? Qurani Tukufu imefundisha kwamba wanyama watambaao ardhini na ndege warukao ni umati mfano wetu (6:39). Umati hauwi mali ya jirani yake.

Basi mfugaji wa mwaka 1993 hakujua, na asiyejua huachiliwa kama mwenye ng'ombe wa mara ya kwanza. Sisi wa leo hatuwezi kuingia kwa mlango huo. Tumekwisha kuonywa.

Hapa wako wepesi wa kukata shauri watakaosema: Kama ni hivyo, na mbwa wauawe wote, hata dini haiwapendi. La hasha! Imepokewa kwamba wakati mmoja Mtume Mtukufu s.a.w. aliamuru mbwa wa Madina wauawe, kisha akaikataza amri hiyo, na akawataja mbwa kuwa ni umati miongoni mwa umati. Akaruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, ambao ndio hasa mbwa wa mkulima na mfugaji. Na akaonya juu ya kufuga mbwa pasipo haja. Hukumu ya kukiosha chombo alichokiramba mbwa ni hukumu ya usafi, wala si ruhusa ya kumpiga mawe. Katika mafundisho yake s.a.w. yumo mtu aliyesamehewa kwa sababu ya kumnywesha mbwa mwenye kiu, na yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Na katika Sura ya Pango, vijana wale wa Mungu wanatajwa pamoja na mbwa wao aliyelala mlangoni.

Zaidi ya hayo, kuua mbwa hakuzuii maradhi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuiona njia hiyo kuwa haifai. Sababu yake hata mtoto wa Nyakunguru aijua: baba akiuliwa mbwa wake leo, kesho atakwenda kijiji cha mbali kuleta mwingine, kwani zizi haliwezi kukaa bila mlinzi. Huyo mpya hajachanjwa, na huenda aja na maradhi kutoka huko. Na kama aliyeuawa alikuwa amechanjwa, umeubomoa ukuta wako kwa mkono wako.

Pingamizi lingine ni zito zaidi, nami sitalidharau. Mfugaji atasema: Simba amekula ng'ombe wangu, kwa nini nihangaike kwa ajili yake? Kwanza, ajue kwamba kichaa cha mbwa hakiishii kwa wanyama. Makadirio yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba Watanzania wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa kichaa kila mwaka, na wengi wa wanaoumwa ni watoto. Dalili zikisha kuonekana hakuna dawa. (Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja.) Katika wilaya ya Serengeti kampeni ya kuchanja mbwa ilianza mwaka 1996, miongoni mwa wataalamu wake wakiwamo Dkt. Magai Kaare na Dkt. Titus Mlengeya. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa katika mbwa kilishuka kwa asilimia 70, na baada ya ya pili kwa asilimia 97. Na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa nao wakapungua. Baadaye, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, mbwa wakawa wanachanjwa kichaa na distempa siku ile ile. Hivyo mtoto na simba walikingwa katika foleni moja.

Pili, na hili ndilo gumu, hata kama simba asingekuwa na faida yoyote kwake, je, deni hufutika kwa kuwa mdai ni adui? Mwislamu amekatazwa na Qurani Tukufu kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki aliyo nayo juu ya watu (5:9). Simba alaye ng'ombe azuiwe zizini kwa boma imara la miiba. Lakini kumwachia maradhi usiku si kujilinda.

Ni kweli kwamba mfugaji ni maskini, na dawa ya chanjo haimo mfukoni mwake. Hapa lawama isimwendee yeye peke yake. Wale wapatao fedha kwa simba, yaani Serikali, wenye mahoteli na wageni walipao ili kumtazama, wanapaswa kuileta sindano mpaka kijijini bila malipo, na kila mwaka, si mwaka mmoja kisha wakasahau. Mwenye mbwa naye anabaki na yake. Asifuge mbwa wanne pale ambapo mmoja atosha. Ampe chakula cha kutosha ili asilazimike kutafuta mizoga. Asimchukue kwenda kuwinda ndani ya hifadhi. Na wasiotakiwa kuzaa wahasiwe, badala ya watoto wao kutupwa njiani wajitafutie.

Na wataalamu waliofuatilia kichaa katika wilaya hiyo ya Serengeti waligundua jambo la kustaajabisha. Mbwa mmoja mwenye kichaa humwambukiza, kwa wastani, mbwa mwingine mmoja na kidogo tu zaidi ya mmoja. Mnyororo wenyewe ni mwembamba kiasi hicho. Ndiyo maana husemwa kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa pa kupita. Lakini mbwa wa vijijini huishi miaka michache, na wapya huzaliwa kila msimu, kiasi kwamba ukuta wa mwaka jana una matundu mwaka huu. Siku ya chanjo watoto huja na mbwa wakubwa, wakiwavuta kwa kamba za katani hadi chini ya mti au penye shule, nao wale wadogo huachwa nyumbani kwa kudhaniwa kwamba bado hawajafikia umri. Wamefikia. Hata mbwa aliyebebwa kwapani na mtoto huchanjwa.