Picha ya nyumba mtandaoni na nafaka iliyolowa

 

Baada ya darsa la Magharibi kijana mmoja aliniuliza swali ambalo naamini si lake peke yake. Anafanya udalali wa nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam, na wateja wake huwapata kupitia Instagram na WhatsApp. Alisema: "Ustadh, mimi siibi. Naweka picha nzuri ili mteja avutike. Akija anaiona nyumba kwa macho yake. Akiipenda analipa, asipoipenda anaondoka. Dhambi iko wapi?"

Nikamuuliza kama picha ni ya nyumba hiyo hiyo. Akatabasamu, akasema wakati mwingine ni ya nyumba iliyokwishapangishwa zamani, "lakini zinafanana."

Ndugu zangu Waislamu, udalali wenyewe si haramu. Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake kuwa wanavyuoni wa Tabiina, akiwemo Ibn Sirin na Ata, hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Naye Qays bin Abi Gharaza (r.a.) amesimulia kuwa wao walikuwa wakiitwa "samasira", yaani madalali. Mtume (s.a.w.) akawapitia, akawaita kwa jina bora zaidi, wafanyabiashara. Kisha akawatanabahisha kuwa biashara huingiliwa na upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka (Abu Daud na Tirmidhi). Aliwapandisha heshima, na papo hapo akawaonyesha ugonjwa wa kazi yao. Ugonjwa huo ni ulimi, na leo ulimi wa dalali umehamia kwenye simu.

Sasa turudi kwenye hoja ya kijana, kwamba mteja atajionea mwenyewe. Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwenye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa ni mvua iliyoilowesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, akabainisha kuwa anayeghushi si katika yeye (Muslim). Mnunuzi wa nafaka ile naye angeweza kutia mkono wake. Hilo halikumpa muuzaji udhuru.

Tangazo la dalali ndiyo sehemu ya juu ya fungu. Anaandika "dakika tano kutoka lami", bila kusema ni kwa pikipiki. Anaandika "kiwanja kimepimwa", kumbe kimepimwa kwa hatua za miguu, hakipo kwenye ramani ya mipango miji. Anaandika "kimebaki kimoja tu", kisha anamwomba rafiki yake apige simu akijifanya anakitaka. Huyu wa mwisho ajue kuwa kumpandishia mtu bei kwa hila ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.) (Bukhari na Muslim).

Na yapo ambayo macho ya mteja hayayaoni hata akifika. Anaonyeshwa kiwanja bondeni mwezi wa Septemba, ardhi kavu, upepo mwanana. Maji atayaona Machi, akiwa ameshajenga msingi. Jiji hili halijasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwaondoa wengine bonde la Msimbazi hadi kupelekwa Mabwepande. Dalali mwenyeji anajua maji yanapita wapi. Akinyamaza, ameificha nafaka iliyolowa.

Aliyedanganywa si tajiri siku zote. Ni mama aliyecheza upatu miaka mingi. Ni kijana anayetaka kuoa, aliyelipa nauli kutoka Gongo la Mboto hadi Bunju pamoja na pesa ya kuonyeshwa, akakuta nyumba nyingine kabisa. Nauli hiyo ni haki yake, na Siku ya Kiama haki hulipwa kwa thawabu.

Basi dalali Muislamu apige picha ya nyumba yenyewe, na choo pia. Ataje kasoro, umbali halisi, malipo yake na aina ya umiliki: hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano tu. Aliyekula kwa uongo atubie na arudishe. Nawe mnunuzi usilipe kwa sababu ya picha. Waulize majirani, nenda serikali ya mtaa, kisha ofisi ya ardhi, kabla ya kutoa hata shilingi.

Kijana aliniuliza tena: "Nikiandika yote hayo, nani atanipigia?" Sikumficha kuwa huenda simu zikapungua. Lakini Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa (Bukhari na Muslim). Simu chache zenye baraka zinalisha watoto. Nyingi zisizo na baraka zinawalisha moto.

Allah (s.w.) atujaalie ukweli katika ndimi zetu na simu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.