Mama Wakwe Wawili wa Doudou, na Mmoja wa Dada Yangu

Kuna watu wakisikia tamthilia ya Kichina wanawaza mapanga, watu wanaoruka juu ya mapaa, na mzee mwenye ndevu nyeupe anayeua kwa kidole. Mimi namuwaza bibi yangu, ameketi kwenye kigoda pale Jorodom, chini ya Mlima Hanang, anamshangilia muuguzi wa Kichina anayeitwa Mao Doudou.

Wadau wa umri wangu mnaikumbuka. Doudou na Mama Wakwe Zake ilionyeshwa TBC mwaka 2011, tamthilia ya kwanza ya Kichina kuingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa mpaka Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, akaitaja kwa jina. Mimi sina ugomvi na hotuba ile. Ninachotaka kuzungumza ni kitu kidogo zaidi, na kimenikaa rohoni miaka kadhaa: tamthilia nyepesi, ya kuchekesha, ya mapenzi ya watu wawili wasio na ubaya, inaweza kumdhuru mtu? Na ikimdhuru, nani alaumiwe?

Kwa ambao hawakuiona: Doudou, anayeigizwa na Hai Qing, ni binti wa mjini, anafanya kazi hospitali. Wanakutanishwa na Yu Wei, mpiga picha, mpole, mwenye utani, wanaoana. Shida ni kwamba wazazi wa Yu Wei waliachana na baba akaoa tena. Kwa hiyo Doudou ameolewa kwenye nyumba yenye mama wakwe wawili, na hao wawili hawapikiki chungu kimoja. Hiyo ndiyo hadithi yote. Hakuna anayepewa sumu. Watu wanagombana, wananuna, wanafunga mlango kwa nguvu, halafu kesho wanakula pamoja.

Niseme uzuri wake kwanza, maana ni mwingi. Miaka ile tulikuwa tumelishwa mama wakwe wa Kinaijeria. Ukimwona Patience Ozokwor anaingia sebuleni tu, unajua kuna mtu atalia kabla ya sehemu ya pili. Na filamu zetu za Bongo zikafuata njia hiyohiyo: mama mkwe, mganga, hirizi chini ya kitanda. Doudou ikaja na mama wakwe ambao ni watu. Mmoja ana kinyongo cha kuachwa, mwingine ana hofu kwamba hatakubalika kamwe. Unawachukia Jumatatu, Jumatano unawaonea huruma. Kwa mtoto wa Hanang aliyekuwa amezoea kwamba ugomvi wa nyumbani lazima uwe na mchawi, lilikuwa jambo jipya kuona ugomvi wenye sababu za kawaida: nani kaalikwa, nani kasahauliwa, nani kapewa zawadi kubwa kuliko mwenzake.

Na mapenzi yenyewe yalikuwa ya watu wazima. Yu Wei hasemi maneno ya kwenye kadi. Anafanya utani mke wake akiwa amekasirika, anapiga hesabu za pesa, anakaa katikati ya mama na mke kama mtu aliyeshika sufuria ya moto kwa mikono mitupu. Tulimpenda. Mama yangu alisema mwanaume wa hivyo labda wanatengenezwa kiwandani hukohuko China.

Sasa udhaifu. Kila ugomvi mle una mwisho, na mwisho ni kicheko, na ukitazama kwa makini, mwenye kulipia kicheko hicho mara nyingi ni yuleyule. Ni Doudou anayekwenda kubisha hodi. Wakubwa wanakosea, wanajutia kidogo, mkamwana anamalizia njia iliyobaki. Tamthilia inakuonyesha jambo hilo kwa muziki mtamu kiasi kwamba hufikirii kuuliza kwa nini.

Halafu kuna jambo ambalo haliko kwenye tamthilia kwa sababu kule halihitajiki. Doudou ana mshahara wake. Ana mlango wake wa kufunga. Akichoka na mama mkwe, anapanda gari anarudi kwake. Dada yangu aliolewa upande wa Mbulu, kwenye boma la wakwe. Nyumba ilikuwa yao, shamba lao, ng'ombe wao, hata kuni alizookota zilikwenda jikoni kwao. Uvumilivu wa Doudou ni uvumilivu wa mtu mwenye pa kwenda. Huo mwingine sijui tuuite nini.

Nifike kwenye kosa langu.

Bibi alijua Kiswahili cha mnadani: bei, salamu, matusi mawili matatu. Kiswahili cha Doudou kilimpita kwa kasi. Kwa hiyo jioni tulipokusanyika kwenye ile TV ya chogo ya jirani, inayotumia betri ya gari, kazi yangu, mwanachuo niliyekuwa likizo, ilikuwa kumtafsiria kwa Kiiraqw. Fikiria safari ya maneno yale: kutoka Kichina kwenda Kiswahili, halafu kupitia mdomo wangu, ndipo yamfikie ajuza wa Jorodom. Nilijiona kama Lufufu wa kijiji. Nyinyi mliokulia kwenye vibanda vya video mnajua, marehemu Lufufu hakutafsiri tu, aliongeza chumvi mpaka sinema ikawa yake.

Mimi sikuongeza. Nilipunguza.

Maana Doudou si bubu. Ana mdomo. Kuna mahali anamwambia mkubwa wazi kwamba hapa umenionea, na kuna mahali anamgeukia mumewe na kumtaka achague. Lakini mimi nilikuwa naketi miguuni kwa bibi yangu. Maneno ya mkamwana kumjibu mama mkwe, kwa lugha ile, mbele ya mzee yule, yalikuwa hayatoki. Nilikuwa naona aibu kuyatamka kana kwamba nayasema mimi. Basi Doudou akifoka, mimi nasema, "Anasema ameumia." Akikataa, nasema, "Anaomba muda." Akinyamaza kwa hasira, nasema amekubali. Bibi anatikisa kichwa, anasema mtoto huyu amelelewa.

Katikati ya mwaka ule dada akarudi nyumbani, mtoto mgongoni, begi moja. Hakuwa amepigwa, niseme hilo, kwa sababu watu huuliza. Alikuwa amechoka. Alinyimwa ghala, kila debe la mahindi alihesabiwa, aliambiwa mbele ya wageni kwamba kwao ni njaa. Wazee wakakaa. Baba alikuwa anayumba. Mama alikuwa upande wa dada, ila hakusema. Bibi ndiye aliyesema, na mpaka leo nayasikia kwa sauti yake: "Yule mtoto wa Kichina ana mama wakwe wawili. Wewe mmoja tu amekushinda?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Ilikuwa sentensi nzuri, na sentensi nzuri ikishasemwa kwenye kikao, kikao kimekwisha. Dada alirudi kwa mumewe wiki ile. Akakaa miaka mingine minne kabla hajatoka moja kwa moja, na safari hii hakupitia kwenye kikao.

Kwa muda mrefu niliilaumu tamthilia. Nilikuwa na hoja yangu tayari, ya kisomi kabisa: kwamba burudani ya hivi ni mahubiri yaliyopakwa sukari, inawafundisha wanawake kuvumilia halafu inakiita upendo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nimeieleza hapo juu na siirudishi. Lakini haitoshi. Bibi hakuwa amemwona Doudou wa Hai Qing. Alikuwa amemwona Doudou wangu. Nilimtoa meno kwa heshima, halafu bibi akamchukua asiye na meno akampimia dada.

Kuna mtu ataniambia bibi angesema vilevile hata bila TV. Inawezekana, methali za kumrudisha mwanamke kwa mumewe hatujawahi kupungukiwa. Lakini methali dada alishazizoea, alikuwa na majibu yake. Doudou hakuwa na jibu lake, kwa sababu Doudou alikuwa rafiki. Hapo ndipo naona hatari ya hadithi nyepesi, na pia nguvu yake. Filamu nzito unaitazama ukiwa umejiandaa, umekaza moyo, unabishana nayo. Nyepesi inaingia bila hodi, inakaa, inakula na nyie, na siku ya kikao inaitwa kutoa ushahidi.

Je, basi watunzi wake wajibu kwa hilo? Nimejaribu kusema ndiyo na nashindwa. Mtu aliyeandika vichekesho kuhusu ndoa za Beijing hakuapa kwamba vitafaa boma la Mbulu. Ila pia siwezi kukubali lile jibu rahisi la "ni burudani tu". Burudani tu hainukuliwi na wazee. Sisi tunaohamisha hadithi kutoka mahali kwenda mahali, wafasiri, wenye vibanda, waandishi wa habari kama mimi, ndio tunaoamua meno yapi yavuke mpaka. Nikikumbuka, sikuwa nimekusudia ubaya wowote. Nilitaka tu jioni ipite vizuri.

Bibi alifariki. Nyumba tuliyokuwa tunatazamia TV ile haipo tena. Ni kati ya zilizopitiwa na tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023. Nilikwenda kule kikazi, nikalala kwa dada. Yuko Katesh siku hizi, ana duka la vitenge na mashine moja ya kushona. Usiku wa tatu, tumechoka kusikia habari za tope, akaniuliza kama ninayo sizoni yoyote ya kucheka kwenye simu. Nikamtafutia vipande vya Doudou mtandaoni. Sijui kwa nini nilichagua hiyo. Labda najua.

Tukatazama kwa Kiswahili, bila mkalimani. Alicheka palepale tulipocheka zamani. Halafu ikafika mahali Doudou anajibu, kwa sauti, bila kuinamisha kichwa. Dada akashika simu akaileta karibu na uso.

"Kumbe alikuwa anajibu?"

"Alikuwa anajibu."

Akanyamaza kidogo. "Wewe ulikuwa unatuambia anaomba muda."

Sikuwa na la kusema. Chaji ilikuwa asilimia kumi na kitu, umeme umekatika tangu jioni. Akanirudishia simu, akajifunika khanga vizuri, akasema, "Haya, weka inayofuata kabla haijazima."