Kibaba Kisicholiwa: Mawaidha juu ya Kuhifadhi Mbegu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Himdi zote ni zake Yeye apasuaye punje na kokwa, akatoa kilicho hai katika kilicho kufa. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu wa Pwani, maneno haya asili yake ni mawaidha tuliyoyasema baada ya sala ya Ijumaa hapa Msamala, katika mji wa Songea. Baadhi yenu mlitutaka tuyaandike, nasi tumeitikia, kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wa Pwani kama liwahusuvyo wa bara.

Nyote mwaijua khabari ya Nabii Yusuf, amani ya Mungu imshukie, alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri. Aliwaamuru walime miaka saba, na mavuno wayaache katika mashuke yake, ila kidogo cha kula. Kisha akawakhabarisha kuwa itakuja miaka saba ya shida, itakayokula yote yaliyowekwa, ila kidogo watakachokihifadhi. Twaisoma sura hii mara nyingi, wala hatujiulizi: hicho kidogo cha mwisho ni nini? Watu wana njaa ya miaka saba, na ghala iko mbele yao. Mbona wasile yote? Imamu Qurtubi, aliyefariki mwaka 671 wa Hijra, ndio 1273, na Kadhi Baydawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i, wamefasiri kuwa hicho ni kile kiwekwacho kwa mbegu. Basi fahamuni: Nabii wa Mungu alipopanga kuokoa umma na njaa, hakuhesabu chakula peke yake. Alihesabu na kibaba kisicholiwa.

Hatusemi mtu afe kwa njaa na mbegu i mkononi mwake, kwani kuiokoa nafsi ni wajibu. Twasema kuwa mwenye akili huipangia mbegu mahali pake kabla ya njaa kubisha hodi.

Watu wa nchi hii ya Songea wayajua haya kwa msiba. Katika vita vya Maji Maji, vya 1905 hata 1907, majeshi ya Wadachi yalitia moto vijiji na mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kupita waliouawa kwa risasi. Mwenyezi Mungu amemtaja kwa ubaya yule azungukaye katika ardhi akaharibu mazao na vizazi, na hapa aliyetaka kuwavunja watu aliijua siri ya ghala.

Leo hapana adui aliyetujia na moto, nasi twajipotezea wenyewe kwa kusahau. Mnavu, mgagani, mchicha wa zamani, nyanya chungu, mumunye, njugu mawe: kila nyumba ilikuwa na mbegu yake, iliyozoea udongo wake na mvua yake. Wanaume wengi twalidharau jambo hili, twasema ni kazi ya wanawake wa jikoni. Bibi akifa, mbegu hufa pamoja naye.

Nami nawaeleza aibu yangu. Mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyegawa mirathi, kwa kuwa ndiyo ilimu niisomeshayo. Nikahesabu nyumba, na minazi, na sufuria, hata kanga zake, kila mtu nikampa fungu lake. Juu ya meko palikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi, na ndani yake mbegu za bamia zake fupi nene, na za tango alilolirithi kwa mama yake. Hapana aliyekiuliza, wala mimi sikukihesabu. Nilipokikumbuka, miaka minne ilikuwa imepita. Bamia zimetobolewa na fukusi, na mbegu za tango zimeota ukungu. Nikazipanda zote, haikuota hata moja. Tangu siku ile nimeona matango katika masoko mengi, na lile sijaliona tena. Nawafundisha watu mafungu ya mirathi, na fungu moja limeniponyoka mkononi mwangu.

Mtu atasema: mbegu zauzwa madukani, kuna haja gani? Twajibu: kununua ni halali, na katika zinazouzwa zimo nzuri. Lakini nyingi ni chotara, zilizozalishwa kwa kuchanganya wazazi wawili. Ukiweka mbegu ya tunda lake, mmea wa pili haufanani na wa kwanza, ukalazimika kununua tena kila mwaka. Mbegu ya asili, ukiitunza, hukurudia ile ile.

Na kuitunza si kazi ngumu. Kwanza, chagua mmea ulio bora, usio na maradhi, uufunge kitambaa ili asije mtu akauchuma. Usiweke mbegu ya kilichobaki baada ya kuuza kizuri. Bamia na kunde ziache zikauke juu ya mti wake. Mchicha ukate vichwa mbegu zikisha kuwa nyeusi, uvipigepige juu ya nguo, upepete. Nyanya chungu na mnavu ngoja ziive kabisa, uzivunjevunje katika maji, uoshe. Mbegu njema huzama. Maboga ya namna mbili usiyapande pamoja, kwani nyuki huchanganya chavua yake.

Kisha zianike kivulini penye upepo hata zikauke sawasawa. Hapa Songea mvua hukatika kiasi cha mwezi wa Mei, na kiangazi ni wakati wake. Ninyi wa Pwani jihadharini na unyevu wa bahari, ndio adui mkubwa wa mbegu. Zitie katika chupa kavu pamoja na majivu makavu, uzibe, uandike jina na mwaka. Kabla ya msimu chukua mbegu 10, uzifunge katika kitambaa chenye maji kwa muda wa wiki moja. Zikiota 8, himidi Mola wako. Zikipungua 5, zipande haraka kwa wingi, upate mpya kabla hazijafa.

Wengine wameuliza khabari ya zaka. Mboga katika madhehebu yetu hazina zaka, kwa kuwa si chakula kikuu kiwekwacho ghalani. Ama mahindi na mtama na mpunga na kunde, yakifika nisabu, ambayo ni wasaki 5, zaka hutoka katika mavuno yote, na fungu la mbegu huhesabiwa humo. Mtu asiseme, "Hii ni mbegu," akapunguza haki ya fukara.

Na atakaye kuuza mbegu, amche Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta umaji chini yake, akamkataza muuzaji, na akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Chakula kibovu humharibia mtu siku moja. Mbegu mbovu humharibia msimu mzima. Tena Tanzania ina Sheria ya Mbegu ya 2003, itakayo mbegu za biashara zithibitishwe. Basi aulize kwanza kwa bwana shamba.

Wala usiweke amana hii mahali pamoja. Kituo cha ICARDA kilikuwa na hazina kubwa ya mbegu karibu na mji wa Halab, katika nchi ya Sham. Vita vilipoingia, wataalamu wake walikuwa wamekwisha peleka akiba katika ghala ya Svalbard, huko Norway, iliyofunguliwa 2008. Mwaka 2015 wakaiendea akiba ile, wakaipanda Lebanon na Morocco. Wewe huna ghala ya barafu, lakini unaye jirani. Mpe kikombe kimoja. Yako ikiliwa na fukusi, utaiomba kwake. Na akiipanda, akala humo mtu au ndege au mnyama, Mtume ametukhabarisha kuwa kwa mpandaji hiyo ni sadaka.

Basi, ndugu yangu, ukirudi nyumbani leo, mwulize mama yako, au shangazi yako, au mkeo: mbegu zetu ziko wapi, na kila moja jina lake nani? Mwite mwanao asikilize. Akiwa mama yu hai, hiyo ni ilimu uliyoipata bila safari. Usingoje kuulizia kibuyu siku ya kugawa mirathi.

Ewe Mola wetu, tubarikie mashamba yetu na viwanja vyetu, utujaalie tuwe waaminifu kwa tulichoachiwa na waliotutangulia, na uwarehemu mama zetu waliotuwekea. Amin.