Kimya cha Mahali na Utulivu wa Moyo

Ndugu msomaji, katika likizo yangu iliyopita nilikaa siku chache Kiembe Samaki, Unguja, kwa jamaa zangu. Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, alinijia jirani mmoja tukakaa barazani. Yeye ni mzaliwa wa hapo, lakini kwa miaka mingi anaishi Dar es Salaam, na kazi yake ni ufundi wa mafriji. Ana mke na watoto wanne, na wote sita wamo katika vyumba viwili vya kupanga. Alikuwa amevuka kuja kumtazama mama yake.

"Maalim," akaniambia, "nimechoka. Usiku muziki, mchana honi, na watoto wangu hawana pa kuchezea ila barabarani. Binamu yangu yuko Omani, upande wa Nizwa. Amenitafutia kazi na kibali cha kuishi na watu wangu. Huko, anasema, kuna mitende, maji ya mfereji na kimya. Je, nina haki ya kuing'oa familia yangu na kuivusha bahari kwa sababu tu nataka utulivu? Na huyu mama yangu, nimwache na nani?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake si lake peke yake, bali ni la maelfu ya akina baba. Kwa hiyo nimeona yafaa tulichungulie kwa pamoja katika nuru ya dini.

Kwanza yapasa tukiri kwamba malalamiko ya ndugu huyu si ya uvivu. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 4,364,541. Katika sensa ya 2022 walikuwa 5,383,728. Yaani kwa miaka kumi tu umeongezeka mji mwingine mzima wa watu zaidi ya milioni moja, juu ya ardhi ile ile. Mwenye kutafuta nafasi kwa watoto wake katika msongamano huo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta.

Wala Uislamu haukumfunga mtu kwenye ardhi aliyozaliwa. Katika Sura An-Nisai (4:98) Kurani Tukufu inatuonyesha watu watakaojitetea kuwa walikuwa wanyonge katika nchi yao, nao wataulizwa kama ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa na wasaa wa wao kuhamia. Na katika Hadithi twasoma habari za mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akakamilisha mia. Alipotaka kutubu, mwanachuoni alimwambia aiache nchi yake mbaya, aende nchi fulani ambako wako watu wanaomwabudu Mungu. Akafa njiani, na rehema ya Mungu ikamkuta kwa sababu alikuwa ameielekea nchi njema. Hivyo mazingira yana nguvu juu ya mwanadamu, na anayesema kuwa mahali hapana maana yoyote asema kinyume cha mafundisho haya.

Lakini tazama vizuri, ndugu msomaji, sababu aliyopewa mtu yule. Hakuambiwa aende huko kwa kuwa kuna kimya, bali kwa kuwa kuna watu wema. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunachanganya kimya na utulivu, tukadhani ni kitu kimoja. Kimya ni hali ya masikio, nao utulivu ni hali ya moyo. Kimya chaweza kununuliwa kwa nauli. Utulivu, kama tunavyofundishwa katika Sura Ar-Ra'd (13:29), mioyo huupata kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu.

Ushahidi wa jambo hili uko pale pale tulipokuwa tumekaa. Kiembe Samaki palihesabiwa kuwa shamba na watu wa mjini. Wakatoka watu Mji Mkongwe, wakavuka Darajani wakajenga Ng'ambo. Ng'ambo ilipojaa wakasogea mbele zaidi, kila mmoja akitafuta uwanja na upepo. Leo ndege zinapita juu ya mapaa na nyumba zimegusana kuta. Mkoa wa Mjini Magharibi, uliokuwa na watu 593,678 mwaka 2012, ulikuwa na watu 893,169 mwaka 2022. Kila aliyekuja kukifuata kimya alikuja na sehemu yake ya kelele. Ajabu ni kwamba Waunguja tunalo neno moja, ng'ambo, ambalo kwanza lilikuwa upande wa pili wa kihori, tena likawa nchi za mbali. Na mtu akishafika ng'ambo ya kwanza, huanza kuitazama ya pili.

Tuje kwenye mfano ulio mkubwa kuliko huo. Katika mwaka wa tano wa utume, Mtume Muhammad s.a.w. aliwaruhusu baadhi ya masahaba wake wakimbilie Uhabeshi, kwa mfalme mwadilifu, wapate kuabudu kwa amani. Ilikuwa ni safari ya familia hasa: Hadhrat Uthman r.a. alikwenda na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Hadhrat Ja'far bin Abi Talib r.a. alikwenda na mkewe Asma bint Umais, wakazaa watoto huko, na hawakurudi mpaka mwaka wa saba wa Hijra. Zaidi ya miaka kumi ya ugeni, nao wakarudi na imani yao na watoto wao. Lakini katika nchi ile ile, chini ya mfalme yule yule, alikuwako Ubaidullah bin Jahsh. Yeye pia alihama na mkewe, Ummu Habiba. Huko ndiko alikoiacha dini aliyokuwa ameihamia, naye mkewe akabaki imara peke yake na mtoto wake ugenini. Nchi ilikuwa moja, na amani ilikuwa moja. Basi si Uhabeshi uliomhifadhi Ja'far, wala si Uhabeshi uliompoteza Ubaidullah. Kila mmoja aliyakuta huko yale aliyokuwa ameyabeba moyoni.

Kwa hiyo swali la kwanza la baba lisiwe: huko kuna nini? Liwe: tunakwenda kufanya nini? Nabii Ibrahimu a.s. alimweka mkewe Hajira na mwanawe Ismaili katika bonde lisilo na mmea. Kwa kipimo cha dunia hapakuwa na mahali pabaya zaidi pa kuiweka familia. Lakini katika dua yake (14:38) alilitaja kusudi waziwazi: wapate kusimamisha sala. Ndipo baada ya hilo akawaombea mapenzi ya watu na riziki ya matunda. Utaratibu huo wa dua ni somo: kusudi kwanza, riziki baadaye.

Nasi katika Jumuiya yetu tumeyaona hayo kwa macho. Baada ya mgawanyiko wa Bara Hindi mwaka 1947, Ahmadiyya walio wengi walilazimika kuondoka Qadian. Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. hakuwaacha watawanyike katika miji iliyojaa, bali alinunua ekari 1,034 za ardhi kame kando ya mto Chenab, na tarehe 20 Septemba 1948 akaufungua mji wa Rabwah kwa dua. Ardhi ilikuwa ya chumvi na wakazi wa kwanza walilala mahemani. Kimya kilikuwako tele, lakini si kimya kilichowapeleka. Palisimama misikiti na shule, na watoto wakalelewa kwa ajili ya kuitumikia dini. Vivyo hivyo, mwezi Aprili 2019 Hadhrat Khalifatul Masih V alipohamisha makao yake kutoka jiji la London kwenda Islamabad, huko Tilford katika Surrey, mahali penye mashamba na miti, msikiti ulisimama katikati ya makao hayo mapya.

Tena tusisahau kwamba Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliishi Qadian, kijiji kidogo kilichokuwa mbali na njia kuu, naye alipenda faragha. Lakini humo humo Mwenyezi Mungu alimpa habari kuwa watu wangemjia kutoka kila njia ya mbali, na akamwagiza asichoke nao. Basi mwenye kukimbia kelele ajichunguze kama hakimbii watu. Majirani wanaotuudhi kwa redio zao ndio hao hao wanaobisha hodi nyumbani kwetu tunapofiwa.

Jambo la pili ni mashauriano. Kurani Tukufu (2:234) inafundisha kwamba hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda wake kuwe kwa ridhaa na mashauri ya baba na mama wote wawili. Ikiwa maziwa ya mtoto mmoja yanahitaji shauri, je, nchi ya watoto wanne? Mtume s.a.w. mwenyewe, siku ya Hudaibiya, alipoona masahaba wamezidiwa na huzuni, alimweleza mkewe Ummu Salama na akaufuata ushauri wake. Ndugu msomaji, katika hili naandika kama mwenye kosa. Nilipoitwa kufundisha ng'ambo nilimwambia mke wangu baada ya kukubali, wala si kabla. Tulipewa nyumba mahali pazuri na pa kimya. Mimi nilikuwa na wanafunzi na vitabu; yeye alikuwa na dirisha. Karibu mwaka mzima hakuna mwanamke aliyempigia hodi. Siku moja aliniambia, bila ya hasira, "Hapa hata kuku hawawiki." Ndipo nilipofahamu kwamba kimya nilichokuwa nikikishukuru kilikuwa kifungo kwake. Nilimtaka radhi, lakini mwaka ule haukurudi.

Tusidhani kuwa uchungu wa namna hii ni udhaifu wa imani. Masahaba walipofika Madina, Hadhrat Abubakar r.a. na Hadhrat Bilal r.a. walishikwa na homa, naye Bilal akawa anaitamani Makka na mimea ya mabonde yake, ijapokuwa Makka ndiyo iliyomtesa. Mtume s.a.w. hakuwakemea. Alimwomba Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Basi baba anayehamisha watu wake ana deni la kuwaombea wapapende mahali papya, na la kuwavumilia mpaka wapapende.

Jambo la tatu, na zito kuliko yote kwa yule jirani yangu, ni mama. Katika Hadithi imepokewa kwamba mtu mmoja alimjia Mtume s.a.w. kumpa ahadi ya kuhama, naye akataja kwamba amewaacha wazazi wake wakilia. Mtume akamwamuru arudi, akawachekeshe kama alivyowaliza. Fikiri! Hiyo ilikuwa ni Hijra ya kwenda kwa Mtume wa Mungu mwenyewe. Ikiwa hiyo ilisimamishwa kwa machozi ya wazazi, safari ya kufuata mitende ya Nizwa ina uzito gani? Sisemi kwamba kila mwenye mzazi asisafiri; wako wazazi wanaotoa radhi zao, na wako ndugu wanaobaki kuwatunza. Nasema kwamba radhi hiyo iombwe kabla ya nauli kukatwa, na iombwe kwa namna ambayo mama anaweza kusema hapana.

Basi siku ya pili nilimwambia yule ndugu: sikwambii nenda, wala sikwambii usiende. Kusudi lako litaje kwa maneno mbele ya Mungu. Shauriana na mama wa watoto. Kisha kamuulize mama yako.

Alikwenda. Usiku akarudi barazani, akanieleza kuwa mama yake hakulia wala hakukataa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza jambo moja tu: "Mnapokuja hapa, sala ya Alfajiri nawaamsha mimi, wewe na wanao. Huko atawaamsha nani?"

Yule bwana alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Maalim, hata Dar es Salaam hakuna anayewaamsha."

Nilipoondoka Unguja alikuwa bado hajaamua juu ya Omani. Lakini jamaa zangu waliniambia kwamba kwa siku zilizobakia alikuwa akionekana alfajiri njiani, ametangulia mbele, na watoto wanne nyuma yake wakiwa na usingizi machoni. Naamini safari yake imekwisha kuanza, na hiyo haina haja ya pasipoti.

Nasi tusiohama popote, tujiulize swali la mama yule. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, ziwe mjini au shamba, pwani hii au ng'ambo, ziwe mahali ambapo Yeye anakumbukwa, wazazi wanaheshimiwa na watoto wanaamshwa kwa upendo. Amin.