Taa za Ukungu na Waya Usiokatwa

Yapo maswali makubwa ambayo mwanadamu hukutana nayo katika vitu vidogo. Swali la uhuru ni mojawapo. Tumezoea kulitafuta katika vitabu vinene na katika hotuba za mikutanoni, ilhali lipo hata chini ya boneti ya gari, katika waya mwembamba usiozidi unene wa kijiti cha kiberiti. Nataka tulitazame huko, ndugu msomaji, maana huko halina mahali pa kujificha.

Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na taa mbili za ukungu zilizofungwa chini, karibu na bampa la mbele. Katika baadhi ya magari hayo, taa za ukungu hazina mamlaka yao zenyewe. Zimefungamanishwa na taa za chini, zile ambazo madereva huziita dimu. Dimu zisipowashwa, nazo haziwaki. Na mara nyingi dereva akipandisha taa kubwa, zinazimika papo hapo. Mwenye gari asiyeridhika na mpango huo humwendea fundi wa umeme wa magari, akamwomba azitenganishe, ziwake kwa swichi yao. Kazi yenyewe haimalizi siku. Swali langu ni hili: je, ni haki mtu kuukata mfungamano uliowekwa na mtengenezaji? Na ikiwa ni haki, mpaka wa haki hiyo uko wapi?

Kwanza tumtendee mwombaji insafu, kwani ombi lake lina sababu. Anayevuka milima ya Uporoto akitoka Mbeya kwenda Tukuyu, au anayepita Limuru asubuhi za Julai, anaujua ukungu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani, na kila tone hurudisha sehemu ya mwanga ulioliangukia. Dereva akiwasha taa kubwa, mwanga huruka mbele na juu, kisha humrudia machoni kama ukuta uliopakwa chokaa. Kadiri anavyozidisha mwanga, ndivyo anavyopungukiwa na kuona. Taa ya ukungu imetengenezwa kinyume cha hivyo. Mwanga wake umekatwa upande wa juu, umetandazwa kushoto na kulia, nao hupita chini ya mstari wa macho. Haikuonyeshi mbali. Hukuonyesha ukingo wa barabara ulio karibu nawe, na katika ukungu mzito hilo ndilo hitaji lako. Upo ukungu mzito kiasi kwamba hata dimu huongeza weupe tu, na dereva anayekwenda mwendo wa kobe hutamani azizime, abaki na taa za ukungu peke yake. Mwenye kutamani hivyo hatamani anasa.

Sasa tumtazame fundi. Taa mbili za wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta umeme unaozidi kidogo ampea 9. Umeme kiasi hicho haufai kupitishwa katika kiswichi cha dashibodi, kwa hiyo fundi hufunga rilei. Waya mnene hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa karibu na betri hiyo, ukafika kwenye rilei na kisha kwenye taa. Swichi ya dereva haibebi mzigo wa taa. Hupeleka tu umeme mdogo wa kuiamrisha rilei, nayo rilei huruhusu umeme mkubwa upite.

Hapa ndipo penye falsafa yote, kwani fundi lazima aamue umeme huo mdogo wa amri autoe wapi. Anaweza kuutoa moja kwa moja kwenye betri. Akifanya hivyo, taa za ukungu zitawaka saa yoyote, hata taa nyingine zote za gari zikiwa zimezimwa. Huo ni uhuru kamili, na mwenye gari atafurahi. Lakini hebu fikiri. Dereva huyo ameingia ukunguni, mbele yake pameonekana vizuri, naye hana wasiwasi. Nyuma ya gari lake hapana hata nukta moja nyekundu. Lori linaloshuka mlima nyuma yake, likiwa limesheheni ndizi au mbao, halimwoni. Yeye anaona, wala haonekani. Na kwa kuwa anaona, hakuna kinachomkumbusha kwamba haonekani.

Fundi mwema hufanya vingine. Waya wa amri huutoa kwenye taa za pakingi, zile ndogo ambazo zikiwaka mbele, huwaka pamoja na taa nyekundu za nyuma na taa ya kibao cha namba. Hivyo dereva anapata alichokiomba: anaweza kuzima dimu na kubaki na taa za ukungu. Lakini hawezi kuziwasha taa zake za kuonea pasipo kuwasha taa za kuonekana. Mfungamano mmoja umekatwa, mmoja umeachwa.

Wala wazo hili halikuzaliwa gereji. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa za magari, inasema mambo haya mawili kwa pamoja. Inataka taa za ukungu za mbele ziweze kuwashwa na kuzimwa bila kutegemea taa kubwa wala dimu. Tena inataka zisiweze kuwaka isipokuwa taa ndogo za mbele na nyuma nazo zinawaka. Waandishi wa kanuni hiyo walimwachia dereva uhuru katika jambo linalohusu macho yake, wakamnyima katika jambo linalohusu uhai wa anayemfuata.

Nionavyo mimi, kipimo hicho chafaa kutumika mbali zaidi ya barabarani. Kila kifungo tunachokikuta duniani, kiwe cha mila, cha sheria ama cha kazi, hatuna budi kukiuliza: nikikukata, gharama ya kosa langu italipwa na nani? Ikiwa nitailipa mimi, basi nina haki ya kujaribu, na anayenizuia ananifanya mtoto. Ikiwa atailipa mwingine, ambaye hakuulizwa na pengine hajui kwamba nipo, basi kifungo hicho si mali yangu hata nikikate.

Najua wapo watakaonipinga kwa hoja mbili. Wa kwanza atasema kwamba watu hawaaminiki. Mwachie dereva swichi, ataziwasha taa za ukungu usiku mkavu wenye nyota, kwa maringo tu, awaumize macho wanaokuja mbele. Ni kweli, twawaona kila siku. Wa pili atasema kwamba wema unaolazimishwa na waya si wema. Mtu asiyeweza kukosea hawezi pia kusifiwa kwa kupatia. Hoja hii nayo ina uzito.

Nimeishi miaka mingi katika chuo cha ualimu, na hoja zote mbili nimeziona zikitembea kwa miguu. Mwanachuo hugongewa kengele ya kuamka, ya darasani, ya kula na ya kulala. Chini ya kengele, wote huwahi. Baada ya kuhitimu, mmoja wao hupangiwa shule ya kijijini isiyo na kengele, pengine yenye kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, na mwenye kukigonga ni yeye. Hapo ndipo hujulikana kama chuo kilimfundisha kuwahi au kilimfundisha kuogopa kengele. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai kijana awe na akili ya kudadisi, na wakati huohuo ajue kuwa yeye ni mmoja katika jamii ya watu walio sawa naye. Madai hayo mawili hayapingani. La kwanza ni swichi yake. La pili ni waya wa taa za nyuma.

Basi kwa mpinzani wa kwanza nasema: usiwanyime watu wote swichi kwa sababu ya wenye maringo. Mwenye maringo apewe fundisho, na likimshinda, askari wa barabarani ampe faini. Kwa wa pili nasema: wema wa hiari ni bora, sibishi, lakini watoto wanaosubiri mwalimu darasani, na dereva wa lori anayeshuka mlima, hawawezi kusubiri hiari yetu ikomae. Kwa ajili yao yatupasa kuacha waya mmoja bila kuukata, tena tuuache kwa mikono yetu wenyewe, tukijua sababu.

Atakayekwenda kwa fundi na amweleze hivyo kwa kinywa chake: taa zangu za ukungu zitenganishe na dimu, usizitenganishe na taa za nyuma. Kisha kazi ikiisha, asiketi kwenye usukani akatazama mbele tu. Awashe swichi, ateremke, azunguke nyuma ya gari, ahakikishe kwa macho yake kile ambacho mwenzake atakiona.