Haki ya Mgonjwa na Amana ya Mwili

Katika mji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero neno "utafiti" si geni hata kwa mama asiyejua kusoma. Waswisi walifungua huko maabara yao ndogo mwaka 1957, nayo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kwa miaka mingi watu wa bonde hilo wametolewa damu vidoleni, wameulizwa habari za homa za watoto wao na vyandarua vyao, na wametia saini au dole gumba kwenye karatasi nyingi. Basi swali ambalo ndugu wapya katika dini, na wengine ambao wangali wanachunguza, hutuletea mara kwa mara lina uzito wa pekee mahali kama hapo: Je, mgonjwa ana haki ya kumhoji daktari, au hata kumkatalia? Na kufanya hivyo si kukosa subira mbele ya Mwenyezi Mungu?

Tuanze na subira, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila ya kuuteremshia dawa. Seyidna Umar r.a., akiwa safarini kwenda Shamu, alipata habari ya tauni akawarudisha watu Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu na kuingia nyingine. Huko bondeni, kama penginepo katika Tanzania, wako wanaosema kwamba degedege si ugonjwa wa hospitali, na kwamba sindano itamwua mtoto. Katika nchi yenye malaria degedege mara nyingi ni dalili ya malaria kali, na saa zinazopotea nyumbani ndizo zinazoua. Mama anayembeba mwanawe mbio hadi Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis hajaikimbia kadari. Wala asihangaishwe na jina la hospitali; Mtume s.a.w. mwenyewe alimwelekeza Sa'd r.a. kwa tabibu wa Waarabu, Harith bin Kalada, ambaye wanavyuoni wanahitilafiana kama alipata kusilimu.

Sasa tuje kwenye haki. Iko habari katika Sahihi Bukhari, iliyosimuliwa na Bibi Aisha r.a., ambayo wahubiri huitaja kwa nadra. Katika maradhi yake ya mwisho Mtume s.a.w. alitiwa dawa kinywani na watu wa nyumba yake. Aliwaashiria wasimtie. Wao wakadhani ni ile chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa, wakaendelea. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwa amewakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo chumbani atiwe dawa ile ile, isipokuwa ami yake Abbas r.a. ambaye hakuwapo. Wanavyuoni wameieleza adhabu hiyo kwa njia mbalimbali. Kwangu mimi lililo wazi ni hili: waliomtia dawa walimpenda kuliko nafsi zao na nia yao ilikuwa njema, lakini upendo na nia njema havikuwapa ruhusa ambayo mwenye mwili alikuwa ameikataa, japo kwa ishara ya mkono dhaifu.

Ikiwa ishara ilitosha, itakuwaje kwa mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, mwenye akili timamu, ambaye amekwisha kubali kupasuliwa, halafu wakwe wanasema asubiriwe mumewe aliyeko shambani? Mwili ni wake, na ridhaa ni yake. Anayemchelewesha amejichukulia haki isiyo yake, na huenda akajikuta na roho mbili za kujibia. Kadhalika mzazi asidhani kwamba haki ya kukataa inamruhusu kumnyima mtoto dawa itakayomwokoa. Mtoto ni amana mikononi mwake.

Ridhaa bila kuelewa si ridhaa. Chukueni mfano wa kijiji cha Idete, katika bonde hilo hilo, ambako chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilijaribiwa. Watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano waligawanywa kwa kura: baadhi walipata chanjo, na baadhi walipata sindano isiyo na chanjo ndani yake, na waliowachoma hawakujua nani amepata ipi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Ilipojaribiwa baadaye kwa watoto wachanga 1,207, matokeo ya mwaka 1999 yalikuwa asilimia 2 tu, yaani si kitu. Mama anayeombwa kumtoa mwanawe kwa jambo kama hili anastahili kuambiwa kwamba sindano inaweza kuwa tupu, kwamba chanjo yenyewe inaweza kushindwa, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Asiulizwe kwa maneno ya kitaalamu. Aulizwe kwa Kiswahili cha sokoni, kisha yeye mwenyewe aeleze alivyoelewa.

Sisemi utafiti ukimbiwe. Huko Ifakara watoto wachanga 701 waliingizwa katika jaribio lingine, baadhi yao wakipewa dawa ya SP pamoja na chanjo zao za kawaida. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba malaria ilipungua kwao kwa asilimia 59, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likalipendekeza jambo hilo kwa nchi za Afrika. Akina mama waliokubali waliwafaa watoto wasiowajua.

Lakini mgonjwa naye anadaiwa. Anadaiwa kwanza ukweli. Ukificha kwamba umekunywa miti shamba, au kwamba umenunua vidonge dukani na kumeza nusu, unamtaka daktari apige mshale gizani, halafu utamlaumu akikosa. Dawa ya mseto ya malaria humezwa mara 6 kwa siku 3, hata kama homa imeondoka siku ya kwanza. Kuweka akiba kwa ajili ya homa ijayo ni kuvifundisha vimelea kuishi na dawa. Klorokwini tuliipoteza, ikaachwa mwaka 2001, na sasa vimelea vilivyoanza kuizoea artemisinini vimekwisha thibitishwa mkoani Kagera.

Naye daktari anadaiwa siri. Mtume s.a.w. alihesabu mazungumzo ya faragha kuwa amana, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 juu ya UKIMWI inalinda siri ya majibu ya kipimo. Mhudumu anayesimulia majibu ya mtu kilabuni au msikitini amevunja zote mbili.

Liko jambo moja la mkulima wa mpunga. Masika yakianza, familia nyingi za bondeni huhamia kwenye madungu mashambani, mbali na kliniki, na njia hujaa maji. Mwenye kutumia dawa za kila siku amweleze mhudumu mapema atakakokuwa na kwa miezi mingapi, aombe dawa za kumtosha. Mwezi wa Ramadhani nao una swali lake. Kurani Tukufu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na anayejilazimisha mpaka akadhurika hajamzidi mtu ucha Mungu. Wengine wanaweza kumeza dawa usiku wakafunga. Wengine hawawezi, nao watalipa siku nyingine au kutoa fidia. Ajuaye ni yule anayekutibu, naye aulizwe mwezi wa Shabani, kabla mwezi haujaandama.